Viinitete Vitatu vya Mwisho

Watu wanaojua nimepitia matibabu ya kutafuta mtoto huniuliza: je, na sisi tuvipime viinitete vyetu kabla ya kuviweka? Huniuliza mimi kwa sababu nafundisha sayansi na sichoki kueleza. Nawaeleza vizuri. Nawachorea hata kwenye karatasi, naenda polepole, na yule asiyeelewa mara ya kwanza namweleza mara ya tatu bila kununa, kwa sababu najua mtu aliyedungwa sindano mwezi mzima anavyosahau hata jina la dawa. Lakini kuna sehemu ya habari hii ambayo huwa siigusi. Leo naiandika, kwa faida ya yeyote ambaye bado hajafungua mdomo mbele ya jamaa zake.

Nimezaliwa Kaloleni, hapa Voi, wazazi wangu wakiwa Wakamba waliokuja kufanya biashara wakasahau kurudi. Mume wangu ni wa milimani, Werugha, na kazi yake ni mitambo ya maji. Ninafundisha upande wa Mraru, gredi ya saba hadi ya tisa, na kila mtu, kuanzia mwalimu mkuu hadi muuza mboga wa stejini, huniita Madam. Zamani nilidhani ni heshima. Nilipofika miaka thelathini na minane ndipo nilipotambua kwamba pia ni huruma. Wanawake wa rika langu wanaitwa kwa majina ya watoto wao. Mimi jina hilo sina, na Madam inawasaidia watu kupita hapo bila kujikwaa.

Kliniki yetu ilikuwa Mombasa. Mara nne nililazwa kwenye kitanda chake na kuwekewa kiinitete, yaani yai langu lililotungishwa kwa mbegu ya mume wangu ndani ya maabara na kulelewa humo siku tano. Ukishawekewa unarudi nyumbani kungoja siku kumi na nne kabla ya kupima damu. Mara mbili za kwanza sikushika mimba. Mara ya tatu nilishika, nikabeba hadi wiki ya tisa, na ikatoka siku ya mkutano wa wazazi, mimi nikiwa na daftari la mahudhurio mkononi. Mara ya nne ilifika wiki ya sita. Kati ya hizo kulikuwa na miezi ya sindano. Sindano zile zinataka baridi, na Voi stima ikipotea saa saba mchana unazifunga kwenye leso iliyolowa, unaziweka kando ya mtungi wa maji na kuomba irudi kabla leso haijakauka. Naandika haya ili ujue kwamba sikufika kwenye kipimo kwa kutaka makubwa. Nilifika nikiwa nimechakaa.

Baada ya ile ya nne daktari alituambia mambo mawili. La kwanza, hatanivuna mayai tena, kwa sababu mwili wangu ulikuwa umeanza kuzikataa dawa na mayai yenyewe yalikuwa yameadimika. La pili, kwamba vilivyogandishwa vilibaki vitatu, na kabla ya kuvitumia angependa tufikirie kuvipima.

Huyu daktari alieleza vizuri, na mimi nina jicho la kukagua waelezaji. Alisema kila seli ya mtu ina kromosomu arobaini na sita, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Mama akisogea umri, mayai yake huanza kukosea hesabu. Kiinitete kikipungukiwa au kikizidishiwa, mara nyingi hakishiki, au kinashika kisha kinatoka. Damu yetu wenyewe ilikuwa imeshapimwa na wote wawili hatukuwa na kasoro, kwa hiyo alishuku hesabu za mayai. Kipimo chenyewe ni kuchukua seli chache za upande wa nje wa kiinitete, upande utakaokuwa kondo la nyuma, kuzipeleka kwenye maabara ya ng'ambo, na kungoja wiki kadhaa.

"Lakini nisikilizeni," akasema. "Kipimo hakitibu. Kiinitete kibaya hakigeuki kizuri kwa sababu kimepimwa. Kinatuambia tu kipi tusihangaike kukiweka. Na hivi vyenu tayari vimeganda. Itabidi tuviyeyushe, tuvichukue seli, tuvigandishe upya. Kimoja kinaweza kufa njiani. Na maabara pia inaweza kukosea."

"Na tusipopima?" mume wangu akauliza.

"Tunaviweka kimoja kimoja, kama tulivyofanya."

Kituo cha treni kilikuwa na joto. Tulipoketi ndani ya behewa mume wangu akasema, "Madam, mimi naona ni kama kumwuliza mgeni kitambulisho kabla hajabisha hodi."

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka siku nyingi. Nikamwambia mgeni mwenyewe ameshabisha mara nne na kila tukifungua hayupo. Naye akacheka. Ndani ya lile behewa tulikuwa bado watu wawili wanaobeba mzigo mmoja, na ndiyo maana naikumbuka safari hiyo.

Likizo ya Aprili tulipanda Werugha kumwona mama mkwe.

Lazima nimweleze vizuri, maana ni rahisi msomaji kumchukia mama mkwe, na huyu hakustahili. Ni mjane, ni mama wa Umoja wa Akina Mama kanisani, na ni mfumaji wa vikapu ambavyo watu wa Wundanyi huvitambua kwa mbali. Hakuwahi kuniuliza mtoto yuko wapi. Hata mara moja. Kabla ya ile safari ya kwanza ya Mombasa alituita uani asubuhi, akachukua kikombe cha maji, akafanya kile ambacho Wataita wanakiita kutasa. Mimi nilikuwa mgeni wa jambo hilo. Kwa imani yao, hasira ya ndugu iliyojificha moyoni inaweza kumzuia mtu kupona, kuvuna, kuzaa, hata kama mwenye hasira hajasema neno. Basi mwenye moyo wake anajaza maji kinywani, zamani ilikuwa pombe ya miwa, anayapuliza nje yatawanyike, na baada ya kila funda anasema maneno ya heri. Alipuliza mara tatu. Akasema kama kuna neno lolote ndani yake juu yangu alijualo na asilolijua, litoke, na nyumba yangu iwe na uzima. Mimi mlokole wa Voi nilisimama pale na matone ya maji kwenye viatu nikahisi nimependwa.

Katika nyumba hiyo anaishi pia shemeji yangu, kitinda mimba wa mama mkwe. Ana miaka thelathini na minne. Ni mfupi, macho yake yamelala kidogo pembeni, anaongea kama mtu mwenye pipi kinywani, na hakumaliza darasa la tatu. Anashika sahani ya sadaka kanisani, na ukipitisha mkono mtupu anasimama mbele yako hadi uone haya. Mbuzi wa jirani anawajua kuliko jirani. Kila nikifika hunisalimia kwa Kikamba cha kubuni ambacho hakuna Mkamba aliyewahi kukizungumza, kisha anajicheka mwenyewe hadi anakaa chini. Jina la hali yake kitabuni nalijua. Nalifundisha gredi ya tisa. Pale nyumbani hakuna aliyelitaja kamwe, na mimi, kwa miaka kumi na miwili, nilikuwa na akili ya kutolitaja.

Siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye ngazi za shamba. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi la jikoni anaanza kikapu kipya, shemeji amemshikia nyuzi za mkonge, mume wangu yuko nje anaangalia bomba. Mama mkwe akaniuliza mbona safari hii tunakawia kurudi Mombasa.

Ningeweza kusema daktari yuko likizo. Ningeweza kusema tunapumzika. Lakini nilimheshimu mno kumdanganya, na pia, niseme kweli, niliona namna nzuri ya kulieleza jambo hili, na mwalimu akiona mfano mzuri hawezi kuuacha ulale.

"Mama," nikasema, "wewe ukianza kikapu, si huwa unahesabu nyuzi za kitako?"

"Nahesabu."

"Na ukikuta umezidisha mmoja?"

"Inategemea nimefika wapi." Hakuinua macho. "Nikiwa bado kitakoni nafumua. Nikiwa nimeshapanda namalizia hivyo hivyo. Kitainama kidogo. Hicho siuzi, nawekea mahindi."

"Basi sasa wana kipimo. Mtoto akiwa bado kitakoni kabisa, kabla hajawekwa tumboni, wanahesabu nyuzi zake. Kila mtu ana arobaini na sita. Wakikuta zimepungua au zimezidi, hawamweki."

Mikono yake ilipunguza mwendo. "Uzi mmoja tu?"

"Hata mmoja."

"Ukizidi mmoja kunatokea nini?"

Hapa ndipo ningekohoa. Ningeomba maji. Badala yake nikajibu swali, kwa sauti ile ile ninayotumia darasani, ya upole na ya kutia moyo. Nikasema inategemea uzi upi. Mara nyingi mimba inatoka. Ila kuna mmoja, ukizidi huo, mtoto anaweza kuzaliwa, lakini anakuwa mzito wa kujifunza, anachelewa kutembea, macho yake yanakuwa...

Nilisikia sentensi yangu inaelekea wapi, na ulimi ukawa umeshapita.

"Kama mimi!" akasema shemeji. Aliinua mkono juu kabisa, mkono wenye nyuzi, jinsi mtoto anavyofanya darasani akijua jibu. Alikuwa amefurahi. Kwa mara ya kwanza mazungumzo ya wakubwa yalikuwa yamemtaja.

Mama mkwe aliweka kikapu chini. "Nenda ukaangalie mbuzi."

"Nimetoka huko. Wapo."

"Kawaangalie tena."

Shemeji alipotoka, mama mkwe akaniangalia. Hakukasirika kwa kelele, na nilitamani angefanya hivyo. "Kwa hiyo huyu," akasema, "mashine yenu ingemfumua."

Nikafanya kosa la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza. Nilieleza zaidi. Watu wa kazi yangu tuna ugonjwa huu: tukiona mtu ameumia tunadhani hajaelewa. Nikamwambia simkwepi mtoto kama huyu, nakwepa zile zinazotoka wiki ya tisa, kwamba wengi wanaokosa hesabu hawaishi kabisa, kwamba daktari hakumtaja mtu yeyote. Kila neno lilikuwa kweli. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akauliza jambo moja.

"Huyo wa uzi mmoja akitokea kwenye hivyo vitatu, utamweka?"

Nikasema kliniki kwa kawaida haiweki.

"Sikuuliza kliniki."

Nikanyamaza. Na hilo ndilo lilikuwa jibu langu, na sote wawili tulilielewa bila mfano wowote.

Asubuhi yake mume wangu, ambaye nilikuwa nimemsimulia kila kitu usiku, alimpelekea mama yake kikombe cha maji uani. Alifanya hivyo kwa utani kidogo, kama mtoto anayejua atasamehewa. "Mama, tutasie tuondoke. Jua likipanda tutachelewa."

Alikipokea kikombe, akakitazama, akakiweka juu ya ukuta. "Siwezi."

"Mama."

"Siwezi kupuliza maji na hasira imebaki humu. Nikisema maneno mazuri na yenyewe imekaa, ndiyo itawafuata huko mnakokwenda. Unataka niwadanganye?"

"Basi itoe."

"Unadhani naipenda?" Akaniangalia mimi, si yeye. "Haijaisha, mwanangu. Ikiisha nitawaita."

"Itaisha lini?" akauliza mume wangu.

"Huyu ndugu yako nilimbeba mgongoni hadi miaka minne. Walionicheka nilikutana nao kisimani kila siku. Usiniulize lini."

Nawaambia wenzangu wanaokuja kwangu: heri angenitukana. Mwanamke mwingine angepuliza yale maji ili tuondoke salama, na moyoni abaki na lake. Yeye aliuchukulia mdomo wake kwa uzito, nami nilitelemka hadi Mwatate nikijua kwamba mtu mwaminifu kuliko wote ninaowajua ameshindwa kunitakia heri.

Kuanzia hapo ile safari ya watu wawili wenye mzigo mmoja ikaisha. Mume wangu alitaka tungoje. Hakusema anaamini hasira ya mama yake itaua viinitete. Ni mtu wa mitambo, anaamini presha na vali. Alisema tu hawezi kufanya jambo kubwa hivyo mama akiwa vile. Mei ikapita, Juni ikapita. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja. Viinitete kwenye barafu havizeeki, hilo nililijua na ndilo lililonipa hoja chache, maana tumbo langu lilikuwa bado linaweza kungoja. Lakini mimi mwenyewe sikuweza. Kungoja huko kulikuwa kunanila.

Siku moja ya Jumapili, sahani zikiwa bado mezani, akasema, "Tuviweke tu bila kuvipima. Kitakachoshika kimeshika. Nani atajua tofauti?"

"Mimi nitajua. Mimi ndiye huwa chooni mimba ikitoka."

"Unataka kujua nini hasa?"

"Nataka kujua kama ninachobeba ni mtoto au ni maiti."

Alishtuka. Mimi pia. Hatukuwahi kutumia neno hilo.

Akauliza, kwa sauti ya chini, "Na ukijua?"

Nikamjibu. Nilizungumza karibu robo saa. Nilieleza jinsi kipimo kinavyofupisha njia, jinsi kinavyoepusha mimba ya tatu kuharibika, jinsi tutakavyokuwa na nguvu ya kuamua. Alisikiliza huku anakwangua mezani punje ya wali iliyokauka. Nilipomaliza akasema, "Sawa. Lakini nimeuliza ukijua."

Wiki hiyo hiyo tulikwenda Mombasa. Fomu ilikuwa na kurasa nyingi. Ukurasa mmoja uliuliza vile vitakavyoonekana na kasoro vifanyweje: vihifadhiwe, viharibiwe, au viachiwe maabara wajifunzie. Mtu huweka alama kwenye kisanduku. Ukifika ukurasa huo, ndugu yangu unayesoma, omba ruhusa utoke nje. Nunua maji. Kaa kwenye kivuli. Mimi sikutoka. Niliweka alama kwenye viharibiwe, haraka, kama ninavyosahihisha maswali ya kuchagua.

Mume wangu alishika kalamu muda mrefu. Muuguzi alikuwa akitungoja huku akijifanya anapanga faili. "Natia sahihi kwa sababu umechoka," akaniambia kwa Kiswahili cha upole sana, ili yule muuguzi asione aibu. "Usije siku moja ukasema nilikubali."

Akatia sahihi.

Majibu yalikuja siku ya Alhamisi wakati wa chai. Nilikuwa kwenye chumba cha walimu, kipande cha mkate mkononi, na mwenzangu wa Kiswahili alikuwa akilalamika kwamba ndovu wamebomoa tena tangi la maji. Simu ikatetemeka. Ripoti ilikuwa ukurasa mmoja. Kiinitete cha kwanza: hakikuishi baada ya kuyeyushwa. Cha pili: kromosomu nyingi zimekosa hesabu. Cha tatu: imepungua moja, jozi ya kumi na sita. Chini yake, kwa herufi nyembamba, kwamba hakuna kinachofaa kupandikizwa.

"Madam, uko na chaki nyeupe?" mwenzangu akaniuliza.

Nikampa chaki nyeupe.

Nilimpigia daktari nikiwa nyuma ya darasa la gredi ya saba. Alikuwa mpole. Akasema cha pili na cha tatu hakuna hata kimoja kingefikisha miezi mitatu, na kwamba kipimo kimeniokoa na maumivu mawili zaidi. Nikasema asante. Ilikuwa kweli, na mimi mwenyewe ndivyo nilivyokuwa nimemweleza mume wangu kwa robo saa.

Lakini kuna kitu sikujua hadi siku hiyo, na sijakiona kimeandikwa kwenye fomu yoyote. Zile mara nne zilizoshindwa, kila moja ilikuwa imenipa siku kumi na nne. Siku ambazo nilitembea polepole. Siku ambazo mume wangu alinibebea ndoo na kuniambia nisiiname. Nilikula papai kwa ajili ya mtu mwingine. Nilizungumza naye nikirudi kutoka Mraru, nikimwonyesha mlima, nikimwambia bibi yako anakaa kule juu. Kila mara ilikuwa bure, lakini siku zile zilikuwa zangu, na ndizo pekee katika maisha yangu nilizokuwa mama, au labda mama. Kwa hivi vitatu sikupewa hata siku moja. Nilipewa ukurasa. Nilitaka kujua, nikajua, na ule ujuzi haukuwa na mahali pa kukaa.

Sasa nikiulizwa, ndiyo maana siwaambii watu wapime au wasipime. Nawaambia kipimo ni kizuri kwa kazi yake. Kina manufaa kwa aliye na vingi na hajui aanze na kipi, na kwa aliyechoka kuzika. Kisha nawauliza lile swali la mume wangu, "Na ukijua?", nawangoja wajibu, na siwasaidii.

Jioni ya siku ile ya majibu mume wangu alimpigia mama yake kutoka uani, kwa Kidawida, lugha ya kwao. Nilikuwa naosha vyombo. Aliporudi ndani nikamuuliza mama amesemaje.

"Ameuliza kama kulikuwa na wa kama ndugu yangu."

"Ukamwambiaje?"

"Kwamba hakuwepo."

"Akasema?"

"Akasema, basi." Akavua viatu. "Mimi nalala."

Hakuwepo. Nilisimama na sufuria mkononi nikilihesabu jambo hilo. Mama mkwe na mimi tulikuwa tumeumizana juu ya mtoto ambaye hakuwa hata kwenye orodha. Vile vitatu havikuwa na habari naye.

Tulipanda tena Werugha Desemba. Hatukuitwa, ni Krismasi tu, na mtu haendi kwingine Krismasi. Mama mkwe alinipokea vizuri. Alinipa chai ya kwanza, akaniuliza habari za shule, akanipakulia minofu. Yote yalikuwa mahali pake isipokuwa kwamba alikuwa akiniita Madam. Miaka kumi na miwili aliniita mwanangu.

Shemeji hakunisalimia kwa Kikamba. Alingoja mume wangu atoke kwenda kumwona jirani, akaja pale nilipokuwa nachambua mchele jikoni, mama yake akiwa mlangoni anamenya viazi. Akafungua vifungo vya shati lake la kanisani, akalivuta kando.

"Shemeji, uko wapi?"

"Nini?"

"Uzi wangu. Ule umezidi. Nimeutafuta siuoni." Akageuka anionyeshe mgongo. "Huku mimi siwezi kuona. Angalia. Ukiuona, ukate."

Tangu Aprili, kumbe. Niliinua macho kumtafuta mama mkwe. Kisu kilikuwa kimesimama kwenye kiazi.

"Mweleze, Madam," akasema. "Wewe si ndiye unajua kueleza."

Hakuwa akinikejeli, au kama alikuwa, ilikuwa kidogo tu. Nadhani alikuwa amejaribu yeye mwenyewe miezi minane na kushindwa. Nikaweka ungo kando. Nikamfunga shemeji vifungo, kimoja kimoja, nikamkalisha karibu nami. Nikamwambia uzi ule hauonekani kwa macho, uko ndani, mdogo sana, na hakuna mkasi wa kuufikia. Nikamwambia hauumi wala hauozi. Nikamwambia watu wote wana nyuzi.

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Na zako zimezidi?"

"Hapana."

"Zimepungua?"

"Hapana. Walizihesabu. Zimetimia."

Akafikiri. Alinitazama kwa makini, kwanza usoni, kisha tumboni, akitafuta kwa uaminifu kabisa mahali ambapo hesabu yangu ilikuwa imekosea.

"Sasa mbona huna mtoto?"

Aliuliza jinsi mtu anavyouliza mbona mboga haina chumvi. Nilifungua mdomo. Mama mkwe alikuwa amesimama vile vile mlangoni na kisu chake, akiniangalia, naye pia akingoja nijibu, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili hakukuwa na hasira usoni mwake. Shemeji akachukua ungo kutoka kando yangu, akauweka mapajani mwake, akaanza kutoa mawe kwenye mchele.